Unakwenda maonyesho ya mablanketi ya viraka? Jifunze kutazama kabla ya kuuliza bei

Nane Nane ikikaribia, maswali huwa ni yale yale. Naruhusiwa kugusa? Hili limeshonwa kwa mkono au kwa cherehani? Mbona bei kubwa wakati ni viraka tu? Halafu kuna lile ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya kuzunguka banda mara mbili: sasa hapa natazama nini hasa? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hilo la mwisho. Hayo mengine yatajibika njiani.

Ninayozungumzia ni kwilti, blanketi la viraka lenye matabaka matatu. Juu kuna vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba au blanketi jepesi, chini bitana, kisha mshono unaopita matabaka yote matatu na kuyashikiza yawe kitu kimoja. Nadharia inaishia hapo. Huku kwetu Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, ambako Juni na Julai hakuna anayelala bila kujifunika vizuri, hakuna haja ya kumshawishi mtu kwamba blanketi zito ni kitu cha maana. Tatizo ni kwamba tunalijua kwa ngozi kuliko kwa macho.

Kazi za aina hii zitafute kwenye mabanda ya wajasiriamali na vikundi vya ushonaji, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole wakati wa Nane Nane, na kwenye minada ya kina mama makanisani. Ukipita Iringa mjini, ingia Neema Crafts, karakana ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana iliyoanza mwaka 2003 na kuajiri watu wenye ulemavu. Pale mgeni huwaona mafundi wakiwa kazini, jambo ambalo banda la maonyesho halikupi.

Kabla hujatoka nyumbani

- Mikono safi. Mahindi ya kuchoma na chipsi kuku viwe vya mwisho, ukishamaliza kutazama. Mafuta ya kidole kwenye kitambaa cheupe hayana msamaha.
- Simu yenye chaji, kwa ajili ya kamera na tochi. Mabanda mengi ya turubai yana giza ndani hata saa sita mchana.
- Futi kamba ya fundi, ile laini.
- Miwani ya kusomea kama unaitumia. Usiseme utabahatisha.
- Daftari dogo au karatasi.
- Muda wa asubuhi. Agosti vumbi la Uyole huamka na watu. Ukifika mapema utayaona mablanketi yakiwa bado na rangi zake.

Hatua ya 1: Salimia kwanza

Aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya meza mara nyingi ndiye aliyeshona. "Shikamoo mama, hongera kwa kazi" inafungua mlango ambao "shilingi ngapi hili?" inaufunga. Kama ni mwenzako, "habari za kazi, dada" inatosha. Ukiwa Iringa, "kamwene" itakuletea tabasamu hata kama Kihehe chako kinaishia hapo.

Halafu sema wazi: "Naomba nitazame kidogo, nakuja kukuuliza." Mwenye banda akijua huna haraka, ataacha kukusukumia bidhaa.

Hatua ya 2: Rudi nyuma

Hatua saba au nane, zaidi kama nafasi ipo. Usitafute chochote bado. Angalia tu jicho lako linatua wapi kwanza, na kutoka hapo linaelekea wapi.

Vitenge vina shida moja katika kazi hii: vyote vina sauti kubwa. Kila kimoja kilichorwa ili kionekane toka ng'ambo ya barabara. Ukiviweka ishirini pamoja vinagombana. Mshonaji mwenye jicho huvipatanisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuingiza kitambaa kimya kati yake: marekani, shuka jeupe, nyeusi isiyo na maua. Ya pili ni kupanga vilivyokolea na vilivyo vyepesi, na hii ndiyo ngumu zaidi kuiona, kwa sababu rangi hudanganya. Nyekundu na kijani zinaonekana mbali mbali kama ardhi na mbingu, kumbe ukolevu wake unaweza kuwa uleule.

Dawa yake iko kwenye simu. Piga picha ya blanketi zima, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama umbo bado linaonekana, nyota ni nyota na zigizaga ni zigizaga, aliyelishona alijua anachofanya. Kama picha imekuwa uji wa kijivu, basi ulichokuwa unakipenda ni rangi peke yake. Si dhambi kupenda rangi, lakini sasa unajua.

Angalizo: omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kuna wanaoiga miundo ya wenzao kwa njia hiyo, na washonaji wameshachoka nao.

Hatua ya 3: Tafuta mraba unaojirudia

Mablanketi mengi hujengwa kwa mraba mmoja unaorudiwa. Sogea hadi uweze kuutenga mmoja kwa macho. Ya kawaida ni hii:

Vipande tisa, vitatu kwa vitatu, vyeusi na vyepesi vikipishana. Huu ndio wanaoanza nao wengi.

Mraba mdogo katikati unaozungushiwa vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, hadi ukue. Wamarekani wanauita kwa jina la kibanda cha magogo. Kwa kawaida pande mbili huwa nyepesi na mbili zimekolea, kwa hiyo mraba mmoja una mchana na usiku. Ukiigeuza miraba hiyo kwa namna tofauti inapopangwa, blanketi lote linabadilika: mara mistari ya mshazari, mara almasi, mara mifereji ya shamba. Vitambaa ni vilevile na mishono ni ileile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Pembetatu zinazofuatana kuelekea upande mmoja. Pembesita ndogo ndogo, ambazo wengi hushona kwa mkono. Na viraka vya kubandika, yaani maumbo ya majani, ndege au watu yaliyokatwa na kushonewa juu ya kitambaa kingine.

Ukishaupata mraba, hesabu. Watu hupitia haraka sehemu hii, na ndiyo inayobadilisha namna unavyolitazama blanketi. Chukua la inchi 60 kwa 80, la miraba mitupu ya inchi 4, muundo rahisi kuliko yote. Upana unakula miraba 15, urefu 20, jumla 300. Kila mmoja hukatwa inchi 4 na nusu, maana robo inchi ya kila upande inaingia kwenye mshono. Kuunga miraba 15 katika mstari mmoja ni mishono 14; mistari 20 inakuwa mishono 280. Kisha mistari yenyewe inaungwa, mishono mirefu 19. Jumla 299, na hapo bado tabaka la kati na bitana havijaguswa. Mahali ambapo pembe nne zinakutana ni 266. Kila mojawapo ingeweza kukosewa.

Sasa tazama lile lenye pembetatu na uache kuhesabu.

Hatua ya 4: Soma vitambaa

Hapa usiwe na haraka. Vitambaa vinasema mshonaji alikuwa na nini na aliamua nini.

Kwenye kitenge chenye ua kubwa au jicho kubwa, angalia kama ua limekaa katikati ya kila mraba au limekatwa ovyo, nusu huku nusu kule. Kulikalisha katikati kunakula kitambaa, kwa sababu kinachobaki kati ya ua na ua kinakuwa matobo matobo. Aliyefanya hivyo kwa miraba yote alilipa kwa yadi za kitenge, siyo kwa muda tu.

Khanga ina pindo, mji na jina. Wengi wakikata khanga hulitupa jina, kwa sababu maandishi yanasumbua kupanga. Wachache hulibakiza. Ukiona herufi kwenye kona ya blanketi, fuatilia zinaelekea wapi. Mara nyingine msemo mzima umekatwa ukatawanywa kwenye pande nne, na lazima ulizunguke blanketi ili uumalize. Ukikutana na kazi kama hiyo, simama.

Kisha kuna mitumba: mashati ya mistari, jinzi, makoti. Msikilize asiyejua akisema "hili ni la nguo kuukuu." Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi katika jimbo la Alabama, walishona mablanketi kwa nguo za shambani zilizochakaa, kwa sababu ndizo walizokuwa nazo na nyumba zao zilikuwa za baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, kisha kwenye makumbusho ya Whitney kule New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatoa kwenye stempu. Kwenye baadhi ya yale ya jinzi, utaona mraba wa bluu iliyokolea katikati ya bluu iliyopauka: ni pale mfuko ulipokuwa umeshonwa, jua halikufika. Mshonaji angeweza kukificha kipande hicho. Alikiweka mbele. Ukienda kwenye banda lenye blanketi la jinzi za mitumba za soko la Mwanjelwa, Mbeya, tafuta alama kama hizo: kivuli cha mfuko, tobo za mishono ya zamani, pindo la suruali lililofumuliwa.

Hatua ya 5: Sogea kwenye pembe

Sasa miwani. Weka macho pale pembe nne zinapokutana. Zikikutana sawasawa utaona msalaba mmoja safi. Zikikosana utaona kangazi kadogo ka milimita mbili tatu. Kwenye pembetatu, angalia ncha: ni kali, au imemezwa na mshono wa jirani?

Kinacholeta shida ni ile robo inchi. Fundi wa nguo amezoea kuacha akiba ya kupanua gauni, na hakuna anayepima akiba hiyo kwa ukali. Kwenye viraka haiwezekani. Cherehani ikila milimita 1 zaidi kila upande, kila mshono unapunguza milimita 2. Kwa mishono 14 ya mstari mmoja, milimita 28 zimepotea, zaidi ya inchi nzima, na mstari huo hauungiki tena na wenzake mpaka uvutwe. Ukiona blanketi lina mawimbi pembeni, hapo ndipo yalipoanzia.

Angalizo la muhimu kuliko yote: usigeuke polisi wa kona. Kuna watu wakishajua hili hawaoni kingine, wanatembea bandani wakinyooshea kidole. Kipimo changu ni rahisi. Kilichopinda mara moja katika kazi iliyonyooka, hilo ni kosa, na ni dogo. Kilichopinda kila mahali kwa namna ileile ni mpango, na swali linabaki kama mpango huo unapendeza. Mablanketi ya Gee's Bend yamejaa mistari isiyonyooka na hakuna mwenye akili timamu anayetaka inyooshwe.

Na kuna kazi ambazo kuzikagua kona ni utovu wa adabu. Tarehe 11 Oktoba 1987, mjini Washington, yalitandazwa mapande 1,920 ya blanketi la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI. Kila pande lilikuwa futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi, na mengi yalishonwa na watu ambao hawakuwa washonaji. Njombe, Iringa na Mbeya zinaujua ugonjwa huu kuliko mikoa mingi ya nchi hii, kwa hiyo usishangae siku moja kukuta banda lenye blanketi la majina. Pale unasoma majina, basi.

Hatua ya 6: Fuata mshono

Kuna mishono ya aina mbili na usiichanganye: ile iliyounga viraka, ambayo imejificha, na ile ya kushikiza matabaka, inayoonekana juu. Unayoitazama sasa ni hii ya pili.

Mkono au cherehani? Cherehani hutumia nyuzi mbili, ya juu na ya bobini, kwa hiyo mstari wake hauna mapengo, pande zote mbili. Mshono wa mkono ni uzi mmoja unaozama na kuibuka, kwa hiyo utaona kimstari, pengo, kimstari, pengo. Ukitaka uhakika, tazama nyuma: wa mkono utaonyesha mapengo hukohuko.

Kwa wa mkono, weka futi kamba karibu bila kuligusa blanketi na uhesabu vimstari katika inchi moja, upande wa juu. Nane hadi kumi ni mkono uliokomaa. Lakini usishike namba tu. Kitenge kilichojaa nta, na ndani kuna blanketi zito la mitumba, hakikubali mishono kumi hata sindano iwe ya nani. Kinachotazamwa ni usawa: vimstari vinalingana toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na vimelingana na mapengo yake? Mshono mkubwa uliolingana ni bora kuliko mdogo unaoyumba.

Tafuta mafundo. Hutayaona kwenye kazi nzuri, kwa sababu mshonaji huuvuta uzi hadi fundo lipenye na kuzama kwenye tabaka la kati. Tochi ilipige blanketi ubavuni, siyo usoni. Mwanga wa pembeni ndio unaoamsha mabonde na matuta.

Halafu nafasi. Kati ya mstari mmoja wa kushikiza na mwingine, kiganja chako kisizame chote. Ikiwa nafasi ni kubwa na ndani kuna pamba ya kuchambua, blanketi likifuliwa mara chache pamba itakusanyika pembeni na katikati itabaki nguo tupu. Hili ni suala la anayenunua zaidi kuliko anayetazama, lakini mara nyingi ni mtu mmoja.

Usidharau cherehani. Kulizungusha blanketi zima chini ya mkono mwembamba wa cherehani ya kukanyaga, nusu yake imekunjwa begani na nusu imelala mapajani, huku mguu ukitunza mwendo uleule ili mishono isitofautiane urefu, ni kazi ya mwili na akili. Ikifanywa vizuri, mstari unapita toka upande hadi upande bila kuonyesha mahali fundi alipopumzika.

Hatua ya 7: Omba kuona nyuma

Omba; usigeuze mwenyewe. Kwenye maonyesho makubwa ya Marekani, kama lile la kimataifa la Houston lililoanza miaka ya 1970, ni kawaida kukuta wahudumu wenye glavu nyeupe ambao kazi yao ni kukuinulia kona ya blanketi. Kwetu sema tu: "Mama, naomba unionyeshe mgongo wake." Wengi hufurahi, maana anayeuliza hivyo anajua.

Nyuma ndiko kazi inakosema ukweli. Angalia kama bitana ina mikunjo iliyoshonewa humohumo, kama uzi wa chini umejikusanya vifundo vifundo, kama kuna nyuzi zinaning'inia. Mara nyingine utakuta kinyume: mgongo wenyewe umepangwa kwa viraka vilivyobaki na unakuvutia kuliko uso. Nao unastahili kusifiwa kwa sauti.

Hatua ya 8: Pindo

Hii ni ya dakika moja. Pindo lijae hadi ukingoni, lisiwe ganda tupu ukilibonyeza (kwa ruhusa). Kona zikunjwe kwa mshazari na zifungwe, zisiwe mviringo kwa bahati mbaya. Mshono wake usipande na kushuka.

Ukiona vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa na kushonewa kwenye kona nne, uliza. Wasiddi wa jimbo la Karnataka huko India, watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika, hushona mablanketi yao wakianzia ukingoni wakizunguka kuelekea katikati, kinyume cha karibu kila mtu, na kumalizia kona kwa vikunjo hivyo wanavyoviita phula. Bila phula, kwao blanketi liko uchi.

Hatua ya 9: Rudi kwa mshonaji

Swali la "umelishona kwa siku ngapi?" wameshalijibu mpaka limekauka. Jaribu haya: Kipande kipi kilikusumbua? Kuna kitambaa kilikuishia katikati ya kazi, ukafanyaje? Ulipanga kwanza sakafuni au ulishona ukienda? Hiki kitambaa cha kijani ulikitoa wapi? Hilo la kuishiwa kitambaa ndilo hutoa majibu matamu, kwa sababu mara nyingi kile unachokisifia zaidi kiliwekwa pale kwa kukosa kingine.

Kwa karakana kama Neema Crafts, baadhi ya mafundi na wahudumu ni viziwi. Ndiyo maana niliandika daftari kwenye orodha. Andika swali fupi, mtazame usoni mhusika mwenyewe, siyo aliyesimama karibu yake.

Ukimaliza kuuliza, shukuru kama mtu. Huku Mbeya "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, inatosha kabisa.

Hatua ya 10: Sasa uliza bei

Tayari una hesabu. Mishono 299, tuseme kila mmoja ni dakika 2 pamoja na kupiga pasi: dakika 598, karibu saa 10 za kazi, kwa lile blanketi rahisi. Ongeza kukata, kushikiza matabaka, na pindo la kuzunguka inchi 280, karibu yadi 8. Ongeza vitambaa vya juu: kwa kitenge cha upana wa inchi 44, miraba 300 inakula yadi 4 na robo bila kosa lolote. Kisha bitana, kisha tabaka la kati. Linganisha na unachomlipa fundi kwa gauni moja, halafu tazama tena bei iliyoandikwa.

Kupatana kunaruhusiwa, sisi ni watu wa soko. Kinachoudhi ni kupunguza bei kwa hoja ya "viraka tu." Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani jimbo la Georgia mwaka 1837, alionyesha blanketi lake la hadithi za Biblia kwenye maonyesho ya mji wa Athens huko Georgia mwaka 1886. Miaka michache baadaye shida ikamlazimu kuliuza. Aliomba dola 10, akapewa 5. Leo liko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani.

Ukikwama

*Limetundikwa juu mno.* Piga picha ukikuza kamera, kisha ikuze tena picha yenyewe. Pembe na mishono vitaonekana kuliko kwa macho.

*Sijui kama ni viraka vya kweli au kitambaa kilichochapwa mchoro wa viraka.* Vya kiwandani vipo vingi. Tazama mpaka kati ya kiraka na kiraka kwa mwanga wa pembeni: kama hakuna mshono, hakuna kiraka. Dalili nyingine ni makosa. Ua lililokatwa vibaya likijirudia vilevile kila baada ya miraba kadhaa, hiyo ni mashine ya kuchapa.

*Mwenye banda hajui chochote, yuko pale kuuza tu.* Muulize nani alishona na lini anakuja. Siku za vikundi, wanapokezana zamu.

*Watu wamejaa, nasukumwa.* Fanya hatua ya 2 na ya 3, kisha rudi wakati wa chakula cha mchana.

*Nahofia kitambaa kinachuja.* Muombe mshonaji asugue kona ya nyuma kwa kitambaa cheupe chenye maji, afanye yeye mwenyewe. Nyekundu na bluu iliyokolea ndizo za kuhofia. Akikwambia vitambaa vilifuliwa kabla ya kukatwa, umepata jibu bora zaidi.

*Nimeshanunua, nalifuaje?* Maji ya baridi, sabuni kidogo, usitie dawa ya kung'arishia, usilikamue kwa kulinyonga. Likiwa limelowa usilitundike kwa kona moja, uzito wa maji utafumua mishono. Litandaze kwenye kamba mbili au juu ya majani safi, kivulini. Kulihifadhi, usilifunge kwenye mfuko wa nailoni, hasa Tukuyu na Rungwe yote kwenye unyevu. Lifunge kwa shuka, na kila baada ya miezi michache likunjue, ulikunje kwa mistari mingine.